Kosa Lililotangazwa Kote Isipokuwa kwa Mama

Nibia Olascoaga hakuwa na mume wala mtoto. Alikuwa na programu. Kwa miaka mingi aliiandika pale Montevideo, chupa ya maji moto ya yerba, chai ya majani ya kwao, kwapani, kisha akaigawa bure, yeyote aisome ndani na kuirekebisha. Jamaa zake walimcheka. Wacheke tu, hospitali zisizo na uwezo wa kununua programu za makampuni zilimwombea heri.

Kazi ya programu ilikuwa hivi. Anayepimwa saratani hudungwa sukari yenye mionzi, na mashine huinasa mionzi hiyo ikitoka mwilini, ikachora mahali ugonjwa ulipojificha. Ila mionzi mingine hugonga nyama ikapinda njia, ikatia ukungu pichani. Programu ya Nibia iliukadiria ukungu huo kwa kufuata picha ya umbo la mwili, kisha ikautoa.

Siku mdogo wake Eber alipopimwa katika hospitali alikofanya kazi Nibia, Nibia alisimama nyuma ya kioo. Picha ya kwanza, ya umbo la mwili, ilipigwa mikono ikiwa juu ya kichwa. Kabla ya ile ya mionzi, Eber akashusha mkono mmoja, akampungia.

"Mikono juu, mtukutu we!" Nibia akasema kwenye kipaza sauti, akicheka.

"Nakusalimia, dada. Hata salamu imekuwa dhambi?"

Aliurudisha mkono, lakini si pale pale. Mpiga picha akauliza kama waanze upya.

"Endelea," Nibia akamjibu. "Programu yangu itamudu."

Kiburi si maungwana. Mkono uliohama uliidanganya programu, ikatoa ukungu kupita kiasi, ikafuta na doa la kweli karibu na bega. Daktari akasema Eber ni mzima. Jumapili wakachoma nyama kwa Mama, wakala, wakaimba.

Miezi michache baadaye Eber akaanza kukonda. Nibia akaichambua upya picha ya siku ile, akarekebisha hesabu, na doa likajitokeza. Alilia palepale kazini, kisha akaenda kumwambia.

"Lingeonekana, ningepona?" Eber akauliza.

"Huenda."

Eber akaiweka chini yerba yake. "Na hao wengine wanaoitumia, utawaambia?"

"Lazima. Wasije wakapatwa kama wewe."

"Basi waambie wote. Mama tu usimwambie. Atabaki na wewe peke yako, dada. Usimwondolee na huyo."

Nibia akalitangaza kosa lake mtandaoni, kama ilivyo desturi ya wenye programu za wazi, jina lake kamili chini yake. Watu asiowajua, wa nchi za mbali, wakasoma, wakashukuru, wakarekebisha za kwao. Eber walimzika majira ya baridi.

Makaburini Mama alimwegemea Nibia begani.

"Afadhali ulikuwepo wewe, mwanangu," akasema. "Angepimwa na wageni, ningekufa nikijiuliza kama walimwangalia vizuri."

"Ndiyo, Mama," Nibia akajibu.