Ruksa ya Kupanda Sekenke

Juzi nilikuwa kwenye kaunta ya ofisi moja ya michezo hapa Singida Mjini, natafuta kazi na bahasha yangu ya vyeti as usual, mara mume na mke wakaja kujiandikisha mbio za baiskeli za mlimani. Mke ana mimba ya miezi mitano.

Karani akasimamisha kalamu. "Mama, na tumbo hilo?"

Mke akalaza kadi ya kliniki mezani. "Nesi karuhusu."

Karani akamgeukia mume. "Unampa ruksa?"

"Kaka, kiangazi chote tunapanda mlima Sekenke, mimi nyuma nakula vumbi lake. Labda uniombee ruksa mimi."

Akawaandika wote wawili. Soko huria hili, kila kitu ruksa, isipokuwa miguu ya mke wa mtu, hiyo mpaka mumewe aulizwe.

Kisha akafungua bahasha yangu. "Wewe graduate, una experience?"

"Yule mama anayo, brother, na bado umemuuliza mumewe."