Neno Nililomficha Bibi

Mama alifariki Geita nikiwa na miaka sita, baba akaoa tena Shinyanga. Mke wake huyo alinipenda. Siku moja, akinisuka uani kwetu mtaa wa Kambarage, nilijikuta nimemwita mama. Aliendelea kunisuka, polepole zaidi. Mimi niliona nimemsaliti aliyenizaa. Tangu hapo nikawa nakwepa kwenda Chato kwa bibi, aliyemzaa mama, nikihofia neno lile litaniponyoka mbele yake.

Mwaka jana nilikwenda, nikiwa na mtoto wangu mchanga. Bibi aliitikia shikamoo yangu, akampakata mtoto, akauliza, "Mama yako hajambo?"

Nilibabaika. "Mama wa kambo hajambo, bibi."

"Nimemuulizia mama yako. Huyo aliyekulea mpaka nawe umezaa. Miaka yote nasubiri umlete nimshukuru, wewe unanikimbia."

Nililia, nikamwomba radhi. Akasema yameisha, nimpigie mama simu. Waliongea Kisukuma kwa muda mrefu, wakicheka kama watu waliozoeana. Mimi nilikaa pembeni namnyonyesha mtoto, nikiona aibu kwa miaka niliyowanyima wote wawili.