Swichi Sita za Uthiru

Simu ilimkuta Mwelu huko Kilimani, kwenye baraza ya ghorofa ya saba, akikaza nati ya mwisho ya dishi.

"Mama Mumo, ni mimi Odero wa Uthiru. Kuja unifungie dishi."

Uthiru alimjua Odero mmoja tu, na juu ya paa la nyumba yake ndipo Muthama, mume wa Mwelu, alipofia miezi minane iliyopita.

"Dishi lile lile?"

"Lile lile. Liko tu hapa kwa mlango. Kila fundi akisikia ni hapa anakumbuka ana kazi Rongai."

"Nakuja kesho saa tatu."

Alikata simu, akarudia nati yake. Alijisikiliza kidogo, kama mtu anayegonga ukuta ili ajue kama upande wa pili kuna mtu. Hakukuwa na mtu.

Kazi ya dishi alifundishwa na Muthama. Walikuwa wakitoka pamoja nyumbani kwao mtaa wa Satellite asubuhi, yeye na mkoba wa spana, Muthama na ngazi begani, na sheria ya Muthama ilikuwa moja: hakuna kupanda kabla swichi kuu ya nyumba haijazimwa. Wengine hupanda televisheni ikiwaka, mtu wa chini apige kelele picha ikishika. Muthama alinunua kipimo kidogo cha betri ili atafute mawimbi huko juu bila kuhitaji stima ya mtu. Mafundi wenzake walimcheka, wakamwita Daktari.

Siku ile Mwelu alikuwa mjini, barabara ya Luthuli, akinunua waya. Alipofika Uthiru alikuta umati, na umati ulikuwa umeshakata kesi. Hakuzima stima, ikampiga. Uzembe. Kule Mwala, kwao Muthama, siku ya mazishi, fundi mmoja aliyesimama kutoa rambirambi aliwaambia vijana wajifunze kutokana na kosa la marehemu. Mama yake Muthama alikuwa ameketi mbele kabisa, akasikia kila neno.

Tangu hapo Mwelu hakulia. Hakujua amlilie Muthama au amkasirikie, na kwa kuwa hakujua, hakufanya lolote. Alichukua mkoba na ngazi, akaendelea na kazi. Alipanda mapaa ambayo zamani angeyaogopa, asiogope. Alipokula, alikula kwa sababu saa imefika.

Ploti ya Odero ilikuwa na nyumba sita za mawe zilizopangwa mstari mmoja chini ya paa moja refu la mabati. Uani, mwanamke aliyeitwa Cate alikuwa amechuchumaa kwenye karai, mikono imezama povuni.

"Fundi ni wewe? Haki, na hiyo ngazi yote?"

"Ngazi hainiulizi mimi ni nani," Mwelu alisema.

"Basi ukimaliza uje kwangu. Mzee wangu akikosa mpira ananiangalia mimi, na mimi sina penalti."

Odero alitoka ndani, mwanamume mrefu aliyekonda, kofia mkononi kama yuko kanisani. Hakumpeleka Mwelu kwenye dishi. Alimpeleka kwenye ukumbi mwembamba mbele ya nyumba ya kwanza, palipokuwa na ubao wa mbao wenye mita sita na swichi kuu sita. Namba zilizoandikwa kwa chokaa zilikuwa zimefutika.

"Mama Mumo, sikukuitia dishi," alisema. "Ni mimi nilizima."

"Ulizima nini?"

"Stima. Siku ile. Muthama aliniambia, mzee, zima yako na ukae hapo isiguswe na mtu. Nikazima hii." Aliigusa swichi ya tatu. "Sasa unaona hakuna namba. Kila usiku nauliza, kama nilizima ya jirani? Watu wakisema hakuzima, mimi nanyamaza. Ni mimi nilimuua huyo kijana."

Mwelu alizitazama swichi. Sikioni lilibaki neno moja tu: aliniambia. Muthama alikuwa amesema, basi. Alingoja kitu kimpande kifuani, hakikupanda.

"Tutajua sasa hivi," alisema.

Aliomba kila nyumba ruhusa, kisha akazima swichi zote sita, moja baada ya nyingine. Mtu mmoja alilalamika pasi yake imepoa. Mwelu alimwacha Odero alinde ubao, akabeba ngazi mpaka uani. Alikuwa amenyoosha mkono kuiegemeza ukutani aliposimama.

Nguo za Cate zilikuwa zinaning'inia kwenye kamba ya nailoni. Juu yake, kutoka ukingo wa paa hadi ukuta wa ua, ulipita waya wa chuma mzuri, mnene, bila hata soksi moja.

"Mbona huu hamwaniki?"

"Huo?" Cate alicheka. "Huo unauma. Si kila siku. Upepo ukivuma, ukiushika na nguo mbichi, unakutekenya mpaka bega. Tulizoea."

Mwelu aliilaza ngazi chini, mbali na ukuta. Alivua pete, akavaa glavu za mpira, akatoa tesa, ile bisibisi yenye kitaa ndani ya mpini ambayo huwaka ikikuta umeme. Waya wa kuanikia wa ploti hii! Wote walijua unauma, wakanunua kamba nyingine. Aligusisha ncha ya tesa kwenye waya, dole gumba likiwa nyuma ya mpini kupitia tundu la glavu alilolikata Muthama mwenyewe. Upepo ulivuma. Kitaa kiliwaka.

Alifuata paa kwa macho. Kwenye kona, nyaya zinazotoka nguzoni zilikuwa zimelegea, zikalala kwenye ukingo wa bati. Kila zikipeperuka zilisagwa, na ganda lake jeusi lilikuwa limeisha. Umeme huo ulikuwa haujafika kwenye mita yoyote. Ungezima swichi mia, bati lingebaki na umeme.

"Mzee Odero," aliita, "ulizima ya kwako au ya jirani, ni mamoja. Hakuna swichi hapa ingemwokoa."

Odero alikaa chini kwenye sementi, kofia usoni. Cate aliacha nguo, akamshika mkono, "Pole, baba, pole," bila kujua pole ya nini hasa.

Mwelu aliwatoa watoto uani, akapigia watu wa stima. Walikuja saa nane, wakakata nyaya nguzoni, wakaweka mpya juu ya mlingoti, mbali na bati. Alipima tena mara tatu. Giza kwenye kitaa.

Hata hivyo hakupanda paa. Alifunga dishi kwenye ukuta wa ua, akalilaza chali kama yanavyolala yote ya Nairobi, likitazama karibu juu kabisa. Aliunga waya dekoda ikiwa haijachomekwa, akauacha uning'inie kidogo kabla ya kuingia dirishani ili maji ya mvua yadondoke nje, akaunga na waya wa ardhi. Mwisho kabisa akamwambia Odero awashe.

"Imeshika!" Odero alipiga kelele.

Mwelu alikusanya spana. Pale langoni alipiga simu Mwala.

"Mwaitu," alimwambia mama mkwe wake, "alizima."

"Nani?"

"Muthama. Aliagiza izimwe kabla hajapanda. Alifuata sheria yake yote. Hakukosea popote."

Kilio cha yule mama kilitoka ndani ya simu, kikubwa, kana kwamba amefiwa leo. Mwelu alisimama na ngazi begani, akisikiliza, akingoja kama na chake kitakuja. Hakikuja. Lakini hakukata simu.