Thika Iliyosimama kwa Kichwa

Habari ilinifikia nikinyoa ndevu: mama aliyetunza chumba cha vitabu cha umma pale Thika ameaga dunia, nyumbani kwao Gatongora. Niliweka wembe chini, nusu ya uso ikiwa na povu, nikakaa. Wasomaji wangu mnajua sipendi kulia gazetini. Leo mtanivumilia.

Chumba chenyewe kilikuwa na rafu tatu na meza mbili, lakini Jumamosi mchana yule mama hakukubali watu wasome tu. "Kitabu kinakuambia, mkono ndio unaamini," alikuwa akisema. Basi watu walisaga udongo mwekundu wa Ruiru wakapata rangi. Walichemsha makapi ya mkonge na kuyaanika hadi yakawa karatasi nzito yenye nyuzi. Walikuwa vibarua, wauza mboga, na mpishi mmoja wa mzungu aliyechora kuku vizuri kuliko alivyowapika. Saa zile zilipita kama usingizi wa mchana, na hata leo nikinusa mkonge mbichi macho hunilegea.

Mimi niliingia humo kwa njia ya aibu. Ilikuwa miaka ya hali ya hatari, na watu wakikusanyika gizani maana yake ilikuwa moja tu, kiapo cha siri cha kumpiga mkoloni. Na mwisho wa kiapo ulikuwa kizuizini. Jumamosi moja, nikiwa karani kijana mwenye baiskeli na kofia pana kupita kiasi, niliona madirisha ya chumba kile yamezibwa kwa mablanketi, na watu wanainama kupita chini ya blanketi la mlangoni, mmoja mmoja. Mtaa mzima utaadhibiwa, nikajiambia. Nikamwita askari. Tulisimama pale barabarani kitambo, yeye akisita, mimi nikimwonyesha mlango kwa kidole.

Hatimaye akaingia na rungu lake. Nilimsikia: "Wewe mama, hii giza ni ya nini?"

"Karibu, afande," yule mama akajibu taratibu. "Funga hiyo blanketi vizuri, ndio uone."

Punde nikamsikia askari akicheka. "Ngai! Karani, kuja uone! Hata lori inatembea na kichwa!"

Nikaingia. Mwanga ulipenya kwenye tundu moja dogo la blanketi la dirishani, ukaangukia shuka nyeupe ukutani kama ndani ya kamera, na hapo Thika ilikuwa imesimama kwa kichwa, na rangi zake zote, bila sauti. Mbingu ilikuwa sakafuni. Lori la mkonge lilitambaa juu ya mawingu. Watu walikuwa wamebandika karatasi zao kwenye shuka, wakifuatisha picha kwa makaa. Yule mama alinipa kipande cha makaa. "Karibu, karani," alisema. "Kuna nafasi."

Sikukosa Jumamosi nyingine. Lakini sikumwambia kwamba ni mimi niliyemleta askari. Kila wiki nilisema wiki ijayo, nikijituliza kwamba hajui.

Juzi mazishini, dada mdogo wa marehemu alinipa karatasi ya mkonge iliyokunjwa. "Alisema hii ni yako," akaniambia. Niliifungua kando ya ua. Ilikuwa barabara ile, kwa makaa na udongo mwekundu, juu chini. Nikaigeuza. Askari amesimama na rungu, na kando yake kijana mwenye baiskeli na kofia pana, amenyoosha kidole kumwelekea aliyechora.

Aliniona. Kabla askari hajaingia aliniona katika ile picha ya ukutani, akanichora, kisha akanipa makaa. Nimeona aibu, na nimempenda kuliko nilivyompenda akiwa hai.

Wengi wetu siku hizi tunajua nani alimnyooshea nani kidole, na tunateka maji mto mmoja. Sina hekima ya kuwazidi. Ninachojua ni kwamba mtu mmoja alijua, na bado akasema kuna nafasi. Jumamosi hii nitaziba yale madirisha kwa mablanketi. Mlangoni sitauliza mtu alikuwa upande gani. Makaa yapo.