Amina ya Nyuma ya Pazia

Sauti za wanaume wakisoma zilinifikia kabla sijaona kitu. Nnakumbuka nilipanda ngazi nikizifuata, kumbe ngazi zinanipeleka mbali nazo. Nilikuwa msichana, nasoma London, na rafiki yangu Hanna, Myahudi, kafiwa na babake. Hakuwa na kaka. Kwao, dua ya wafiwa huisoma mtoto wa kiume, na waumini humwitikia. Hanna akaomba aisome yeye. Wakamkubalia, lakini aisomee hukohuko juu katika sinagogi, wanakokaa wanawake.

Juu palikuwa na mabenchi na pazia jeupe. Nilichanganyikiwa, mwanangu: pale palikuwa kama kwetu, na hapakuwa kama kwetu. Bibi mmoja mwenye kofia akanipa peremende, akaninong'oneza kwamba huku juu wao husikia kila neno la wanaume, na wanaume hawasikii lao.

"Kama ndoa," akasema.

Nikamvuta Hanna mkono, nikamwambia ashuke akasimame mbele yao. Yule bibi akanitazama.

"Binti, mwache. Hapo alipo alikaa mamake. Wewe umefika leo."

Hanna akasimama, akasoma. Alipofika pa kuitikiwa, kimya. Sijui hawakumsikia, sijui hawakutaka. Bibi akapiga ukingo wa roshani kwa kiganja, akasema kwa nguvu, "Amina." Chini mzee mmoja akaitikia, kisha wengine, kisha wote. Nami nikaitikia; neno ni letu pia, ila nikabaki najiuliza nimeitikia nini.

Basi leo umerudi msikitini hapa mtaani kwetu Azaiba umenuna, kwa kuwa kipaza sauti cha upande wa wanawake kimekatika, wengine mmesujudu, wengine mmesimama. Sikwambii uvumilie, wala sikwambii usirudi. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na hata hiki nnachokilalia mimi sijakijua chote. Nnachokijua ni hiki: usimng'oe mtu pahala pake kwa hasira zako wewe, na anaposoma asisikiwe, usimwachie kimya. Itikia kwanza, ndipo uulize. Mwenyezi Mungu akupe sikio jepesi, mwanangu, na sauti inayofika.

Siku ile Hanna alikuwa analia tulipomaliza. Nikamuuliza, ni furaha au uchungu? Akasema hata yeye hajui, akachukua koti lake, akatoka, mlango ukajifunga nyuma yake.