Panzi na Difu Kichwa Chini

Mzee Spana alikuwa fundi mitambo wa kinu cha mbao enzi zile ambapo mashine ikifa, fundi aliketi mbele yake, akaisikiliza inaumwa wapi, kisha akachonga kifaa chake kwa tupa mpaka kikaingia. Siku hizi fundi ni mtu wa kukutuma dukani. Kinu kilipofungwa, mitambo ilikatwa vipande na watu wasiojua hata ilikuwa ikifanya kazi gani. Mzee Spana akaokoa alichoweza, akaenda nacho nyumbani, akaunda gari.

Kuliita gari ni kulipa heshima. Lilikuwa na fremu ya mabomba, injini ya pikapu iliyotelekezwa, magurudumu ya trekta dogo, na viti viwili vyekundu vya jumba la sinema, nalo pia lilikuwa limeshavunjwa. Halikuwa na mlango wala kioo. Lilitengenezwa kwa ajili ya mawe na matope, na kila klachi ilipoachiwa liliruka, ndiyo maana mtaa mzima ukaliita Panzi.

Mkewe hakuliita kitu. Yeye aliona tu kwamba limekaa uani, likidondosha oili pale pale anapotaka kuanika nguo. Mwisho akatoa hukumu. Jumamosi anakwenda kwa mdogo wake, anayekaa juu ya kilima cha machimbo ya kokoto. Hakuwa amefika huko tangu mvua zilipoichimba barabara ikawa mifereji, na magoti yake yalikuwa hayataki tena kusikia habari za kupanda. Panzi akimfikisha, atabaki. Akishindwa, atachukuliwa na Sumaku.

Sumaku ni mnunuzi wa vyuma chakavu, kijana mcheshi, mwenye mkokoteni na macho ambayo hayakosi nati iliyodondoka. Ndiye aliyeubeba ule mtambo mkubwa wa kinu. Mzee Spana alikuwa akiitikia salamu zake kwa kukohoa.

Wiki nzima mzee akawa chini ya gari, miguu tu ndiyo ikionekana. Kabureta iliyokuwa ikinywa petroli kama mlevi akaisafisha kwa unyoya wa kuku. Waya wa klachi akauweka mpya. Likabaki tatizo la propela, ule mhimili unaopeleka nguvu nyuma: ulikaa chini mno, kila jiwe liliugonga. Akawaza, akapata dawa. Akaifungua difu, lile bonge la gia katikati ya ekseli ya nyuma, akaipindua kichwa chini, akaifunga tena. Propela ikapanda juu, mbali na mawe. Siku hiyo alikunywa chai huku akiimba, na mkewe akauliza kama anaumwa.

Jumamosi asubuhi Sumaku alikuwa langoni na mkokoteni wake. Alisema amekuja kusalimia tu, ila alikuwa na kamba begani. Mama watoto akapanda akiwa na kikapu mapajani na mwavuli mkononi, akakaa wima kama anayesubiri picha ianze. Mzee akawasha. Injini ikanguruma vizuri kabisa. Akatia gia ya kwanza, akaachia klachi.

Panzi akaruka kinyumenyume.

Akakata kamba ya nguo, akakanyaga beseni, kuku wakatawanyika hadi juu ya paa, na mama akapotea ndani ya shuka lililolowa. Mzee akatia gia ya pili. Wakarudi nyuma kwa kasi zaidi, ukuta wa jikoni ukawapokea. Ndani ya shuka sauti ikasema, "Baba watoto, kwa mdogo wangu ni upande ule mwingine."

Hapo ndipo alipojishika kichwa. Ukipindua difu, magurudumu hugeuza mwendo: gia zote za mbele huwa za nyuma. Kosa hilo ndilo alilowachekea wanagenzi maisha yake yote. Sumaku alikuwa ameshaanza kukunjua kamba.

"Bado," mzee akamwambia, na kicheko kikamtoka pasipo ruhusa. "Nina rivasi."

Akatia rivasi. Panzi akaenda mbele, taratibu, kwa nguvu ya ng'ombe, akatoka langoni. Gia moja tu ya kwenda mbele, lakini kwa mlima ule nani alihitaji ya pili?

Wakakiparamia kilima kwa mwendo wa kinyonga. Sumaku aliwafuata na mkokoteni, akimwomba mzee kwa adabu kwamba kama kuna kitu kinataka kudondoka, kidondokee upande wake. Kwenye mfereji mkubwa rivasi ikachomoka, maana haikuumbwa kwa safari ndefu. Panzi akaanza kuteleza kurudi chini. Mzee hakuweza kushika usukani na gia kwa pamoja, na breki zilikuwa zikiugua tu, hazishiki. Akauona ua wake mtupu, akamwona Sumaku akiondoka na viti vyekundu.

Mama akautupa mwavuli, akaukamata mkono wa gia kwa mikono miwili, akaurudisha mahali pake, ukalia kama mbuzi, akaulalia kwa uzito wake wote.

"Endesha," akasema. "Na wewe kijana, unaangalia nini? Sukuma."

Sumaku, bila kujua kwa nini, akauacha mkokoteni, akasukuma. Matope yakamrukia mpaka kwenye meno. Mama alikuwa akicheka mpaka kikapu kikampasukia, mzee akicheka kwa kuwa yeye anacheka, na walipoibuka juu, mdogo mtu alitoka mlangoni akadhani wamelewa.

Sumaku akaketi chini akihema, akauliza kwa unyonge kuhusu biashara yao. Mama akamtazama kama mtu aliyetaka kumnunua mwanawe.

"Hauzwi," akasema.

Mzee akanong'ona kwamba kesho ataigeuza difu ikae sawa. Mama akakataa. Ikikaa sawa, gia haitachomoka, na yeye atashika nini? Kisha akamwita mdogo wake aje apande, akageukia nyuma kwenye kiti chekundu, akatazama mteremko.

"Za kurudi nyuma tunazo ngapi?"

"Zote," akasema mzee.

"Basi tia ya kwanza."