Asubuhi Niliyomtukana Nahodha Mbele ya Mkwewe

Kabla ya asubuhi ile ya Salale, kule delta ya Rufiji, nilikuwa nikitamba mbele ya watu kwamba hakuna jambo chini ya jua la kunishtua mimi. Na haki ya kutamba nilikuwa nayo, mwanangu. Shule niliiacha darasa la nne. Nimebeba mizigo kivukoni Ndundu enzi za pantoni, daraja halijajengwa, nikilala juu ya magunia ya watu. Mafuriko nimeyaona, mamba nimemwona akiondoka na mbuzi. Nilipotimiza miaka thelathini na mbili nilikuwa na boti mbili za mashine, gari la barafu na wafanyakazi ishirini na mmoja, nanunua kamba wa delta nawapeleka Dar es Salaam. Nani mwingine hapa Kibiti alianza na mikono mitupu akafika hapo? Mtaje.

Wewe juzi umepewa usimamizi, umekuja kuniuliza watu wanaongozwaje. Siku hizi kuna hata semina. Walimu wake wanaiita akili ya hisia, wana hata picha za ukutani. Mimi sina picha. Nina asubuhi moja tu.

Maji yalikuwa yameanza kupwa. Pale Salale maji yakishapwa boti inakaa juu ya tope, hutoi mtu wala mzigo mpaka yajae tena. Maboksi ya kamba yalikuwa yameshapakiwa, gari linasubiri bandarini Nyamisati, na nahodha wangu Shabani hajafika. Miaka sita amefanya kazi kwangu, hajachelewa hata siku moja. Mtu mwenye akili angejiuliza kuna nini. Mimi nilitazama saa.

Mara nikamwona. Amesimama mbali, kwenye mikoko, hasogei. Mguu mmoja kandambili nyekundu, mwingine ya bluu. Karibu na mimi walikuwa wanawake tisa wamekaa mkekani wanakata vichwa vya kamba waliobaki. Yeye hata macho hawainulii.

"Shabani! Unasubiri upigiwe ngoma?"

"Bosi, nakuomba pembeni."

"Sema hapo hapo ulipo."

"Nakuomba faragha, bosi. Dakika moja tu."

Nikaona ananivunjia heshima mbele ya watu wangu. Basi nikapaza sauti, na maneno haya nayarudia kwa aibu: "Faragha ya nini? Umechelewa kutoka kitandani kwa mkeo, sasa unataka mimi nikufuate huko tunong'one?"

Nilitegemea wanawake wacheke. Walizoea kucheka nikisema. Visu vyote tisa vikasimama. Mmoja wao, Bi Zaituni, mama mtulivu ambaye hata sauti yake nilikuwa siijui, akavuta khanga akajifunika uso wote. Shabani akageuka, akatupa kisogo.

Bi Somoe, mkubwa kuliko wote pale mkekani, akaniambia polepole, "Baba, huyo uliyemtaja kitandani ni binti wa huyu."

Kumbe, mwanangu, Bi Zaituni ni mkwewe! Miaka miwili ananichambulia kamba, miaka sita namlipa Shabani, na sikujua. Mila za kwetu nazijua kama wewe unavyozijua: mwanamume hamsogelei mkwewe ovyo, na mambo ya mwili wa mkewe hayatamki mkwewe akisikia. Ndiyo sababu alisimama kule mikokoni. Mimi nikaona ni kiburi.

Bi Somoe aliinuka, akamfuata Shabani, akamsikiliza, akarudi anakimbia, mtu mzima yule. "Mkewe ana mimba, anatoka damu tangu alfajiri. Anaomba boti impeleke Nyamisati, akapate gari la Kibiti."

Na hapo, badala ya kusema ichukue, unajua nilisema nini? Nilisema, "Sasa, na kamba hawa?"

Kilichofuata ndicho kilichonishtua kuliko yote. Wapakiaji waliingia majini wakaanza kushusha maboksi, moja baada ya jingine, wakiyapanga juu ya tope miguuni pangu, bila tusi, bila kunitazama. Wafanyakazi wangu, kwenye boti yangu! Mkewe akaletwa amelala kwenye kitanda cha kamba, Bi Zaituni akapanda naye, Shabani akawasha mashine wakatokomea. Wengine wakanawa mikono, wakaenda kwao. Nikabaki peke yangu na barafu inayoyeyuka.

Mimba haikuokoka. Mama aliokoka, alhamdulillahi, na lile gari langu la barafu ndilo lililomfikisha hospitali. Dereva naye hakuniomba ruhusa.

Siku ya saba nilirudi Salale na doti ya khanga. Nilitaka kumwona Bi Zaituni kwa siri. Bi Somoe akakataa katakata: "Ulitukana hadharani, utaomba radhi hadharani." Nikaomba mkekani, mbele ya wote, Shabani amesimama kwa mbali. Bi Zaituni akapokea khanga, kisha kwa mara ya kwanza nikaisikia sauti yake.

"Baba, wewe kamba ukimtazama tu unajua katoka majini leo au jana. Na sisi tuna nyuso."



Basi mwanangu, shika hili. Mtu wako akibadilika ghafla, usimuulize saa ngapi, muulize kuna nini. Akikuomba pembeni, nenda pembeni, hata kama mzigo unaoza. Jua nani mke wa nani na nani mgonjwa nyumbani kwa nani, si kwa umbea, bali usije ukakanyaga usipopaona. Na hasira ikikupanda mbele za watu, funga mdomo kwanza, hata kama una haki. Mola akujaalie jicho la huruma, akulinde na ulimi wako mwenyewe, na walio chini yako wafurahi wakikuona unakuja.

Alichopoteza Shabani hakina bei, na hajawahi kunidai. Mimi, kwa kamba waliooza, barafu, mafuta na ile doti ya khanga, nilitokwa na shilingi milioni mbili, laki saba na elfu themanini na tano.